Swali la Mwene Katandula

Kwa miaka miwili nililala chumba kimoja na Odilia Gaudensi bila kujua kwamba babu yake alikuwa mfalme.

Ilikuwa Guangzhou, kwenye nyumba ya wageni nyuma ya barabara ya Zhanxi, karibu na stesheni ya reli. Ghorofa ya nne, vitanda viwili, dirisha linatazama ukuta. Miaka ile Waafrika mjini tulikuwa wachache, tunajuana kwa majina na kwa mizigo. Mimi ni mtu wa Kariakoo, nilikuwa nikinunua mikoba na viatu vya kike. Yeye alinunua jinzi Xintang, mji wa karakana za nguo nje kidogo ya Guangzhou, akazituma kwa kontena hadi Dar, na kutoka Dar zikaenda Mbeya na Sumbawanga. Kabla ya biashara alifundisha shule ya msingi miaka ishirini na mitano. Mumewe alipofariki akaona mshahara wa ualimu hautawasomesha watoto, akaacha chaki. Sisi sote tulimwita Mwalimu. Hata mama wa Kichina aliyetupa funguo pale chini alijifunza kulitamka neno hilo.

Alikuwa na miaka hamsini na nne, mrefu, mkavu wa mwili, si msemaji. Huko Xintang, laobani, yaani bosi mwenye karakana, aking'ang'ania bei, sisi wengine tulipiga kelele, tukacheka, tukajifanya tunaondoka. Mwalimu aliikunja suruali aliyokuwa akiikagua, mshono juu ya mshono, akaiweka mezani, akashukuru kwa Kichina, akatoka. Mara nyingi alifuatwa mpaka barabarani. Nilidhani ni mbinu ya biashara, kumbe ndivyo alivyolelewa.

Jambo moja tu lilinikera kwake. Chini ya nyumba ile palikuwa na mgahawa wa Wachina Waislamu wanaopika tambi za kuvutwa kwa mkono na supu ya kondoo. Hapo ndipo tulipokula sote, Waislamu kwa Wakristo. Alikuwepo pia bwana mmoja wa kwao, Shedrack Kalinde, mwanamume wa miaka arobaini na kidogo, mcheshi, mnunuzi wa viatu. Wote wawili walitoka Ulyamba, nchi ndogo ya milimani huko kusini-magharibi mwa Tanzania ambayo mtu huimaliza kwa miguu siku mbili, yenye lugha yake ambayo hata majirani hawaielewi vizuri. Watu wa namna hiyo wakikutana ugenini huwa hawaachani. Lakini Shedrack alipoketi, Mwalimu aliinuka. Hakununa, alichukua bakuli lake akahamia meza nyingine. Na Shedrack, mtu wa maneno mengi kwa kila mtu, aliinamisha macho.

Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, huyu kaka amekukosea nini?"

"Yeye? Hajanikosea kitu."

"Mbona basi hata salamu humpi?"

Alikuwa akishona kifungo. Alimaliza kwanza, akakata uzi kwa meno.

"Ni mambo ya nyumbani, Chausiku. Yana umri mkubwa kuliko mimi na yeye."

Nikaachana nayo.

Machi mwaka tisini na tisa ukaja ule unyevunyevu wa Guangzhou, kuta zinatoa jasho, shuka zinalala mbichi, na nguo ukianika Jumatatu unaivaa Jumapili ikiwa bado na ubaridi. Shedrack alikuwa ametoka nyumbani siku chache tu. Akasema ana mafua. Akameza dawa za maumivu, akaendelea kuzunguka madukani Zhanxi, na alipoulizwa akajibu kwamba ni hali ya hewa. Siku ya tano hakushuka kula. Burhani ndiye aliyemvunjia mlango.

Burhani alikuwa Mzanzibari wa miaka hamsini hivi, aliyekuja kusoma huko zamani akabaki. Alitufanyia kazi ya uwakala na ukalimani. Bila yeye wengi wetu tusingejua hata kuagiza chai. Kesho yake, kama saa nne asubuhi, alibisha chumbani kwetu. Hakuingia.

"Mwalimu, niwie radhi. Shedrack yuko hospitali. Daktari kasema malaria imeshampanda kichwani. Tangu alfajiri anasema, lakini anasema kilugha, sijui hata neno moja. Wewe ndiye mtu wa kwao."

Mwalimu alikuwa akikunja sampuli za jinzi kitandani. Alimaliza iliyokuwa mkononi, akachukua nyingine, akaikunja nayo.

"Hakuna mwingine?"

"Mwingine hayupo, mwalimu wangu. Angekuwapo nisingekuja kukusumbua."

Akakaa kitandani. Nilimwona mikono ameiweka mapajani, anaitazama kama ya mtu mwingine. Kisha akavuta viatu vyake chini ya kitanda, akavivaa.

Nilikwenda naye. Wodini alisimama mlangoni kwanza, mkoba ameukumbatia. Shedrack alikuwa ametoa macho, anaongea mfululizo, midomo imepasuka. Nesi alikuwa ameacha mezani kikombe cha maji na kijiko.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anaomba maji. Anamwuliza mama yake, mtungi uko pale, kwa nini hampi."

Nilinyoosha mkono nichukue kikombe. Mwalimu akanizuia. Akakishika yeye, akakaa nacho hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba niliogopa. Halafu akaketi kando ya kitanda, akamwinua kichwa kwa mkono wa kushoto, akaanza kumpa kijiko kwa kijiko. Akamsemesha kwa Kilyamba, sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto. Yule bwana akatulia. Akamwita mayo, ambalo kwao ni mama, naye akaitika.

Alishinda naye siku ile, akarudi kesho yake. Siku ya pili, muda mfupi baada ya adhuhuri, Shedrack akafariki, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mwalimu.

Alasiri ile tulikutana mgahawani, Watanzania tuliokuwepo mjini na Wakenya wawili. Burhani alieleza hali ilivyo bila kupamba. Kusafirisha maiti ni karatasi nyingi: cheti cha kifo na tafsiri yake, barua ya ubalozi wetu Beijing, dawa ya kuhifadhi mwili, jeneza la zinki, kibali cha ndege. Njia ya mkato ni ile wanayotumia wenyeji, mwili unachomwa, majivu yanawekwa kwenye chombo, mtu anasafiri nayo mkononi. Marehemu alikuwa Mkristo, akasema, yeye hajui kama dini inakataza.

Wengi waliona hilo ndilo jepesi. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na mzigo wake na tiketi yake.

Mwalimu aliinuka mwisho.

"Mtu wa kwetu hachomwi," alisema. "Nitampeleka mimi."

"Utampeleka vipi, Mwalimu?" Burhani akamwuliza. "Wewe na yeye, mbele yetu sote hapa, hamkuwa hata na salamu."

"Najua."

"Na mzigo wako wa Xintang unapakiwa wiki hii."

"Najua hilo pia, Burhani. Nisaidie karatasi. Kinywa cha kuongea nao nyumbani ninacho."

Hakuna aliyembishia. Watu wakachanga, kila mtu kwa uwezo wake, na Burhani akaanza kazi ya kubisha hodi ofisi hadi ofisi.

Simu ya kwanza ilipigwa misheni, mji ulio karibu na Ulyamba, ambako padri alikuwa na laini. Padri akatuma mtu kwa baiskeli kumwita kaka mkubwa wa Shedrack, Pius. Kesho yake saa tuliyopatana tulikuwa ofisini kwa Burhani, chumba chenye meza moja, mashine ya faksi na benchi. Laini ilikuwa na mwangwi, kila neno linarudi, hata la upande wa pili likasikika pale benchini.

"Mimi ni Pius Kalinde. Naongea na nani?"

"Odilia."

"Odilia yupi?"

"Odilia binti Gaudensi, wa Katandula."

Jina hilo likarudi na mwangwi.

"Padri ameniambia Shedrack amefariki," Pius akasema. "Hakuniambia yuko na nani."

"Yuko na mimi. Nilikuwa naye mpaka mwisho. Hakuwa peke yake."

"Na sasa?"

"Sasa namleta. Itachukua siku, kuna karatasi. Msichimbe mpaka niwapigie."

Mwanamume yule akaanza kulia. Mwalimu akasubiri, kipokeo sikioni, macho kwenye sakafu, mpaka alipomaliza.

Tulisubiri faksi ya ubalozi siku nne. Siku hizo nne, kwenye lile benchi la Burhani, ndipo Mwalimu aliponisimulia. Sikumwomba. Nadhani alijua kwamba mtu aliyesikia simu ile alistahili kuelezwa.

Katandula alikuwa Mwene wa Ulyamba. Mwene ni mfalme, alisema, lakini nisiwaze jumba na taji. Alikuwa na ng'ombe, na chemchemi ya chumvi, na kazi ya kuwaamulia watu ugomvi. Aliijua kila nyumba na jina la kila aliyezaliwa humo. Alikalia kiti cha baba yake kabla hajafika miaka thelathini. Kisha Wajerumani wakajenga boma bondeni, na kapteni wao akaleta karatasi. Nchi ile sasa ni ya Kaisari wao. Mwene ashuke bomani aweke alama yake, na atoe watu wa kubeba mizigo.

Katandula alituma kibuyu cha maziwa na ujumbe mmoja: kwa desturi ya Ulyamba mgeni ndiye anayekuja kusalimia, kwa hiyo anamkaribisha kapteni nyumbani kwake.

"Hakuwa anatania," Mwalimu alisema. "Na hakuwa anatafuta vita. Alikuwa anajibu kama alivyofundishwa kujibu."

Kapteni aliona ni uasi. Askari walikuja wakati wa mavuno wakachoma maghala ya vilima vitatu. Mwene akakimbia na watu wa nyumbani mwake, wakajificha kwenye pango nyuma ya maporomoko. Wiki kadhaa hawakuonekana. Aliyejua njia ya kufika kule alikuwa mmoja tu, mchungaji mkuu wa ng'ombe wake, aliyekuwa akiwapelekea maziwa. Jina lake Kalinde.

Askari wakachukua watoto watatu wa Kalinde, wakawafunga kamba kwenye baraza ya boma. Siku ya tano Kalinde akashuka bomani mwenyewe. Siku ya sita akawaongoza.

"Bibi yangu alikuwa ndani ya pango," alisema. "Mke mdogo wa Mwene, baba yangu akiwa bado tumboni mwake. Mwene aliposikia sauti zao alitoka peke yake, wasije wakapiga bunduki ndani, kwenye wanawake. Wakamtia mnyororo wa shingo. Kalinde alikuwa amesimama pale pale, kati ya askari wawili. Walipomfikia, Mwene akasimama. Wakavuta mnyororo, hakusogea. Akamwuliza, 'Kalinde, watoto wamerudi?'"

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Bibi alisema alifungua mdomo, na kabla neno halijatoka wakamsukuma Mwene, wakaenda naye."

Walimpeleka pwani. Wako waliosema alifia njiani. Wako waliosema aliingizwa melini. Aliyeona kwa macho hakupatikana. Karatasi ikaandikwa kwamba Ulyamba imo ndani ya himaya, na akaletwa akida wa kukusanya kodi, mtu wa pwani, kanzu na kilemba. Hilo Mwalimu alilisema akiwa ametazama mashine ya faksi. Wazee wangu walikuwa watu wa pwani, wa kanzu na kilemba.

Kwao Mwene mpya hutawazwa siku ile ile anapozikwa aliyetangulia, na mrithi ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Katandula hakuzikwa, kwa hiyo hakurithiwa. Waingereza walipokuja walitaka kumfanya Gaudensi, baba yake Mwalimu, awe chifu. Alikataa, akawa katekista, akafa katekista. Ufalme ukaishia kwa mtu ambaye hakuna anayejua amelala wapi.

Tangu siku ya pango, ukoo wa Mwene na ukoo wa Kalinde hawaoani, hawachangii chungu, hawapeani maji, hawazikani. Shedrack alikuwa kitukuu wa Kalinde. Alizaliwa akikuta mambo yako hivyo, sawa na Mwalimu.

"Na lile swali la watoto," nikamwuliza, "ukoo wako wanalionaje?"

"Hawalijui. Bibi aliniambia mimi peke yangu, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alikufa hajui. Ndugu yangu Kasmir hajui. Chausiku, sisi tumekaa miaka mia tukisema tulisalitiwa. Ndicho tulichobaki nacho. Sasa uwaambie kwamba mwenyewe aliyesalitiwa, mnyororo shingoni, alimwuliza yule mtu habari za wanawe. Watashika nini?"

Mwalimu akajiweka sawa kwenye benchi.

"Lakini kukaa bila kujua mtu wenu amelazwa wapi, hilo nalijua. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Nikiwapelekea jivu kwenye kopo watu ambao hawajui jivu ni mtu, nitakuwa nimewafanyia lile lile. Siwezi."

Faksi ilikuja siku ya nne, na siku hiyo hiyo ikaja simu. Alikuwa Kasmir, mdogo wake, mkuu wa ukoo, yule ambaye kama mambo yangekuwa mengine tungemwita Mwene. Habari zilikuwa zimemfikia misheni. Waliongea kwa Kilyamba, mimi niliona uso tu. Baadaye alinifasiria yote, kwa kuwa hayakuwa marefu.

"Dada, nasikia unamleta mtu wa Kalinde."

"Ni kweli."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Babu alirudishwa na nani?"

"Hakurudishwa."

"Basi, mwache."

"Kwa sababu hiyo hiyo simwachi, Kasmir."

"Ukishuka na jeneza hilo, dada, usipite kwangu."

"Nimekusikia, mdogo wangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo," akasema, akakata.

Mwalimu alirudisha kipokeo mahali pake, akamwuliza Burhani kama karatasi za jeneza zinahitaji sahihi yake au ya ndugu wa damu.

Mimi na Mwalimu ndio tuliomvika marehemu. Chumba kilikuwa cha baridi, chenye taa nyeupe, na mhudumu mzee wa Kichina aliyetupisha kwa heshima, akasimama pembeni mikono nyuma. Sikuwahi kumvika maiti wa kiume, tena asiye wa dini yangu, lakini sikuona mahali pa kusimama isipokuwa pale. Mwalimu alimfunga vifungo vya shati kimoja kimoja. Alipofika cha shingoni alikiacha wazi. Nikamkumbusha. Akasema hapana, shingo ya mtu huyu ibaki huru.

Mzigo wake wa Xintang ulikwenda kwa mnunuzi mwingine. Laobani alimwambia meiyou banfa, hakuna la kufanya, meli haingoji. Hakulalamika. Asubuhi ya safari tulimsindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun mimi na Burhani. Jeneza lilipita upande wa mizigo ya ndege, pamoja na makasha ya watu wenye haraka. Yeye akapita upande wa abiria na begi dogo. Bangkok, Addis Ababa, Dar, kisha siku mbili kwa lori.

Sikumwona mpaka Septemba. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta begi lake kitandani na yeye ameketi dirishani, amekonda zaidi. Tulisalimiana kwa mikono miwili. Alinisimulia kidogo kidogo, leo hiki, kesho kile, na mimi hapa nayaweka pamoja.

Ukoo wa Kalinde walikuwa wamejipanga barabarani tangu asubuhi. Lori liliposimama, vijana walilipanda wakashusha jeneza, na yeye akashuka upande wa dereva, na hapo hakuna aliyejua la kufanya naye. Mtu wa Katandula hakuwahi kukanyaga ua ule. Pius ndiye aliyeleta kigoda, akakiweka peke yake, mbali kidogo na watu. Mwalimu akakaa hapo muda wote wa sala. Kwao ilikuwa heshima na ilikuwa tahadhari, alisema, na yeye hakuona ubaya katika lolote kati ya hayo mawili.

Walipomaliza kufukia, aliomba kusema. Akasimama, akawaambia habari za Shedrack, alivyougua, alivyomwita mama, alivyokufa mchana, si peke yake. Kisha akawaambia aliyoambiwa na bibi yake. Akalisema lile swali kama lilivyosemwa, kwa Kilyamba cha zamani, na jina la Kalinde mbele yake.

Alidhani labda amekosea, kwamba alipaswa kukaa nalo hadi kaburini kama bibi.

Mbele kabisa kwenye mkeka aliketi shangazi yake Shedrack, bibi wa miaka themanini hivi. Akasema, bila kuinua kichwa:

"Alirudi mmoja. Ndiye aliyekuwa baba yangu. Wawili walifia kule barazani kabla Kalinde hajashuka, na hawakumwambia mpaka alipokwisha kuwaonyesha njia. Alizika nguo zao tu. Hakuna mtu wa kwenu aliyewahi kutuuliza."

"Na mimi sikuwahi kujua," Mwalimu akajibu.

"Ungejuaje?"

Pius akaja akakichukua kigoda, Mwalimu akiwa bado amesimama, akakisogeza hadi kwenye mkeka wa wanawake. Mwalimu akakaa nao siku tatu, mpaka matanga yakaisha. Kasmir hakuja. Mwalimu naye hakupita kwake, kama alivyoambiwa. Aliona moshi wa jikoni kwake kutoka ng'ambo ya bonde, akapanda basi.

Mwaka ule wa tisini na tisa hakununua sana. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua, na magoti hayakupenda zile ngazi za ghorofa nne. Novemba ikaja barua kupitia kwa Burhani, bahasha ya misheni, mwandiko wa Kasmir. Ilikuwa fupi. Habari za matanga zilikuwa zimetembea nchi nzima, zimemfikia kila mahali, kanisani, mnadani, kilabuni, kila mtu akimwuliza kuhusu jambo ambalo yeye, mkuu wa ukoo, hakulijua. Alimtaka dada yake aende nyumbani akamweleze kwa mdomo.

Alikwenda Desemba, na hakurudi tena Guangzhou. Nilionana naye Dar baadaye, alikuja kumwuguza mwanawe wa pili. Nikamwuliza ilikuwaje.

Kasmir alimpokea mlangoni, Mwalimu aliniambia. Alimsikiliza siku nzima, akimrudisha nyuma kila mara: bibi alisema hivi au vile, Mwene alisimama upande gani, askari walikuwa wangapi. Hakukasirika. Jioni alitoka nje akasimama uani. Aliporudi aliuliza jambo moja tu, na aliliuliza kama mtoto aliyenyimwa kitu. Kwa nini bibi yao alimwambia dada, msichana, na si yeye Kasmir, aliyekuwa ameandaliwa kuubeba ukoo.

"Ukamjibu nini, Mwalimu?"

"Nilimwambia kweli. Nilimwambia, wewe hukuwahi kukaa naye jikoni."